Hata Dagaa Mkavu Hulainika



Ndugu msomaji, katika likizo ya mwaka 2024 sisi mafrateri watatu wa falsafa tulipangiwa kufanya kazi za kichungaji Bangwe, kata ya Manispaa ya Kigoma Ujiji iliyo kandokando ya Ziwa Tanganyika. Mmoja wetu, ambaye ndiye anayeshika kalamu hii kwa niaba ya wenzake, ni mzaliwa wa hapohapo. Barua yetu ilisema tuwaandae vijana wa kipaimara na kutembelea jumuiya ndogondogo. Kufundisha watu wazima kusoma hakukuwamo katika barua hiyo. Kazi hiyo tuliikuta huko, na leo tunaandika ili tuwashirikishe yale tuliyojifunza, maana tulijifunza zaidi ya tulivyofundisha.

Mwaka ule ziwa lilikuwa limefungwa. Nchi nne zinazolimiliki kwa pamoja, yaani Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, zilikuwa zimekubaliana kulipumzisha ili samaki wazaliane, na kwa upande wetu uvuvi ulisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Anayeijua Bangwe ataelewa uzito wa jambo hilo. Kwa kawaida, usiku wa giza ukisimama juu ya kilima ukatazama ziwani, taa za wavuvi wa dagaa zinafanana na mji wa pili uliojengwa juu ya maji. Mwaka ule mji huo ulizimika. Mitumbwi ilivutwa mchangani, vichanja vya kuanikia vikabaki vitupu, na wanaume ambao kwa miaka mingi walizoea kulala mchana wakawa nyumbani jioni, wakishona nyavu na kucheza bao.

Basi jumuiya zikajaa wanaume, jambo ambalo si la kawaida. Jioni moja tulimwomba mzee mmoja atusomee Injili. Alipokea Biblia kwa mikono miwili, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akasema amesahau miwani nyumbani. Mama mmoja aliyeketi nyuma akanong'ona kwamba mzee huyo hajawahi kuwa na miwani. Watu wakacheka. Mzee akaturudishia kitabu taratibu, na wiki iliyofuata hakuonekana.

Tulijilaumu. Hatukuwa na nia mbaya, lakini tulikuwa tumempa mtu mzima aibu mbele ya wajukuu wake. Tukaenda kwake kumwomba radhi. Tukamwamkia, akaitikia, akatukaribisha kwenye mkeka, akasema: "Wanangu, mimi sina neno na ninyi. Ila nina miaka hamsini na minane, na miwani hiyo nimeisahau nyumbani tangu nikiwa kijana." Akacheka mwenyewe, halafu akanyamaza. Tulipoaga alitusindikiza hadi njiani, akasema kwa sauti ya chini: "Kama mnaweza, nifundisheni. Lakini si mbele ya watoto."

Darasa letu lilianzia hapo, likiwa na mwanafunzi mmoja. Wiki ya kwanza wakawa saba, na wiki ya tatu wakafika kumi na tisa, kumi na mmoja wakiwa akina mama. Walikuwamo Waha, Wamanyema na Wabembe, Wakristo na Waislamu, kwa sababu kutojua kusoma hakuchagui dhehebu. Tulikutana chini ya mwembe saa kumi jioni, ubao wetu ukiwa kipande cha mbao kilichopakwa rangi nyeusi.

Si kila mtu alifurahi. Walikuwapo waliopita wakitania, "Ngumbaru hao!" Jirani mmoja, mtu mwema kabisa, alitukumbusha methali tunayoijua sote: samaki mkunje angali mbichi. Kabla hatujapata jibu, mama mmoja muuza dagaa alimjibu akiwa ameinamia daftari lake: "Huyo aliyesema hivyo hajapika dagaa. Dagaa hata akikauka vipi, mloweke kwenye maji, atalainika." Jirani akaondoka akicheka. Sisi tulikuwa tumesoma kurasa nyingi juu ya uwezo wa akili ya binadamu, lakini hatukuwahi kusikia hoja hiyo ikitolewa kwa ufupi namna ile.

Tukisema kweli, jambo hili si geni katika nchi yetu. Kizazi chetu ndicho kimelisahau. Mwalimu Nyerere aliliambia Bunge mwaka 1964, alipoeleza mpango wa kwanza wa maendeleo wa miaka mitano, kwamba lazima tuanze na watu wazima, kwa kuwa watoto walioko shuleni watachukua miaka mingi kabla ya kuubadilisha uchumi wetu. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kisha wilaya sita zikachaguliwa zitangulie kufuta ujinga: Mafia, Ukerewe, Masasi, Kisarawe, Pare na Kilimanjaro. Tazama kwamba mbili za kwanza ni visiwa vya wavuvi. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, ambapo karibu watu milioni 2 walikaa katika vikundi wakisikiliza redio, wakisoma vijitabu, wakijadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoanza mwaka 1960, ilipewa sheria yake yenyewe mwaka 1975. Taifa ambalo karibu theluthi mbili ya watu wake wazima hawakujua kusoma wakati wa sensa ya 1967, kufikia katikati ya miaka ya 1980 lilikuwa limebakiwa na takribani mmoja tu kati ya kumi. Baadaye uchumi ulipoyumba, madarasa mengi yakafifia, na tukaanza kudhani kwamba shule ni ya watoto tu.

Bangwe tulimkuta bibi mmoja aliyepita katika kisomo cha miaka ile. Alikuja darasani kwetu kama mtazamaji, akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa. Alitueleza kwamba wakati wao mwenye kujua alimfundisha asiyejua, awe mwalimu, mwanafunzi wa shule ya msingi au karani. Mume wake alimkataza mwanzoni. Akawa anakwenda huku amebeba ndoo, kana kwamba anakwenda ziwani kuchota maji, na daftari liko ndani ya ndoo. "Siku niliyosoma jina langu kwenye kadi ya kliniki," alisema, "niliona kama nimekutana na mtu niliyekuwa nikimsikia tu."

Na Kanisa katika ziwa hili je, halikuanza vivyo hivyo? Wamisionari wa Afrika, wale walioitwa Mapadri Weupe, walifika Ujiji Januari 1879. Utaratibu wao wa ukatekumeni ulidai miaka minne ya mafundisho kabla ya ubatizo. Watu wazima, wenye nyumba na mashamba, walikaa chini miaka minne kujifunza. Hatuna budi kukumbuka kwamba imani yetu ilipandwa na watu ambao hawakuona haya kuwa wanafunzi ukubwani.

Sasa tuseme tulivyokosea. Siku za kwanza tulifundisha kama tulivyofundishwa darasa la kwanza: baba, kaka, dada, tukiwaitikisha kwa pamoja. Walitii kwa adabu, lakini macho yao yalikuwa mbali. Siku ya nne yule mzee wa miwani akanyoosha mkono, akauliza: "Frateri, hatuwezi kuanza na maneno yetu?" Tukafuta ubao. Tukaandika: wavu, mwezi, taa, dagaa, deni. Neno hilo la mwisho lilileta mjadala wa saa nzima. Akina mama wanaokausha na kuuza dagaa huchukua mzigo kwa mkopo, na daftari la madeni hushikwa na anayejua kuandika. Mmoja alisema kwamba kwa miaka sita amekuwa akilipa kile anachoambiwa. Hakumshutumu mtu yeyote. Alisema tu: "Nataka siku moja nilitazame daftari hilo mwenyewe." Neno "deni" walilijua wote kabla ya kwenda nyumbani.

Kosa la pili lilikuwa katika hesabu. Tuliwaandalia hesabu za kujumlisha na kutoa, tukidhani ni ngumu. Tukamuuliza mzee mmoja: mtumbwi umepata kiasi fulani, toa mafuta, toa chakula, gawa nusu kwa mwenye chombo na nusu kwa wavuvi sita, kila mmoja atapata ngapi? Alijibu kabla hatujamaliza kubofya kwenye simu. Tukakumbuka Sokrate katika kitabu cha Plato kiitwacho Meno, anavyomuuliza maswali mtumwa asiyesoma mpaka kijana yule anapata mwenyewe jibu la jiometria. Tulikuwa tumefanya mtihani juu ya kifungu hicho mwezi Mei na kupata alama nzuri. Lakini chini ya mwembe ndipo tulipokielewa. Mtu mzima haji darasani akiwa mtungi mtupu. Anajua upepo, anajua nyota, anajua bei ya gunia ikivuka kwenda Burundi. Anachokosa ni alama za kuyaandika anayoyajua.

Na kusoma peke yake hakutoshi. Yule mama muuza dagaa alikuwa amezoea kumpa mtoto wa ndugu yake simu amsomee ujumbe na kumtolea pesa, mpaka namba yake ya siri ikajulikana na nusu ya ukoo. Fedha zikawa zinapungua bila maelezo. Alipoanza kusoma, kazi ya kwanza aliyoifanya ilikuwa kubadilisha namba hiyo. Wiki chache baadaye alikuja mbio, amefurahi: amesoma ujumbe mzima peke yake! Tukampigia makofi. Akausoma mbele ya wote, silabi kwa silabi: ile pesa tuma kwa namba hii. Darasa zima likaangua kicheko. Yeye akauliza kwa unyofu: "Sasa huyu ninamdaiwa lini?" Somo la siku hiyo likabadilika. Tukazungumza kuhusu matapeli, na jinsi ya kumuuliza mwandishi wa maneno: wewe ni nani, unataka nini, nami nitajuaje kwamba unasema kweli? Hayo ndiyo maswali ambayo sisi tunayasoma katika falsafa kwa majina makubwa. Aristotle anaianza Metafizikia yake kwa hamu ya kujua ambayo imo katika asili ya binadamu wote. Hakutaja umri, wala hakutaja kazi.

Tunafika mahali pagumu zaidi kusimulia.

Baba wa mmoja wetu, huyu anayeshika kalamu, naye ni mvuvi wa Bangwe tangu enzi za karabai. Aliacha shule darasa la pili. Kwa wiki mbili hakuja chini ya mwembe, na mwanawe hakuthubutu kumwalika. Kati yao kulikuwa na jambo la zamani ambalo hawakuwahi kulizungumza. Mwaka 2014, akiwa kidato cha pili katika seminari ndogo, kijana huyu aliugua, akawa mpweke, akaandika barua nyumbani. Aliandika kwamba anaogopa, na akamwomba baba yake aje amwone. Barua ilipelekwa kwa mkono. Baba hakuja wala hakujibu. Kijana akapona, akaendelea na masomo, lakini akabaki na neno moja moyoni: baba hajali. Miaka kumi alilibeba neno hilo, hata kwenye kitubio alilizungukazunguka.

Jioni moja katika wiki ya tatu baba alikuja. Aliketi mwisho kabisa, kwenye mzizi. Baada ya darasa, wengine walipoondoka, alitoa mfukoni karatasi iliyokunjwa, imebadilika rangi. Ilikuwa ile barua. Alisema aliipokea siku ile, akaiona ni ndefu. Msomaji wa karibu alikuwa mtoto wa jirani, naye akahofia kwamba huenda mwanawe ameandika jambo la siri, na Bangwe nzima italijua kabla ya jua kuzama. Akasema atasubiri mama arudi kutoka safari ya Kasulu. Mama aliporudi akaona haya kusema kwamba barua imekaa siku zote hizo. Akaiweka kwenye kopo la ndoana. Kila mwaka aibu ikaongezeka, na kila mwaka ikawa vigumu zaidi kuitoa.

"Nataka niisome mwenyewe," alisema. "Usinisomee."

Sisi wengine wawili tulijifanya tunakunja mikeka. Wapendwa, tuliwahi kufikiri kwamba kutojua kusoma ni upungufu wa maarifa tu. Jioni ile tuliona kwamba kunaweza kukaa katikati ya baba na mwana kwa miaka kumi, kila mmoja akidhani kosa ni la mwenzake.

Ziwa lilifunguliwa Agosti 15, siku ya Sherehe ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria. Baada ya Misa watu walishuka pwani kwa nyimbo na vigelegele. Sisi tulifurahi pamoja nao, lakini jioni yake chini ya mwembe walikuja watu watano tu. Tukavunjika moyo. Tukaanza kusema maneno ambayo sasa tunayaonea haya, kwamba watu wetu hawana bidii, kwamba wanapenda mambo ya msimu. Yule mzee wa miwani alitusikia, akatueleza jambo ambalo mtoto yeyote wa Bangwe analijua, na ambalo mmoja wetu alipaswa kulikumbuka. Dagaa hufuata taa. Mwezi ukiwa mpevu, ziwa lote linaangaza na taa ya mvuvi haina nguvu, hivyo wavuvi hupumzika. "Msiangalie kalenda ya ukutani," alisema, "angalieni mbinguni. Mwezi ukijaa, tuiteni." Siku zile baada ya kufunguliwa watu walikwenda hata kwenye mbalamwezi kwa sababu ya njaa ya miezi mitatu. Lakini kwa mwezi wa kawaida zipo siku kadhaa ambazo mvuvi hana kazi usiku, na mchana wake una nafasi.

Basi darasa la Bangwe sasa linafuata mwezi. Linaongozwa na yule bibi wa ndoo pamoja na katekista na kijana mmoja aliyemaliza kidato cha nne. Akina mama hukutana siku za dagaa wachache, wanaume siku za mbalamwezi. Si darasa kubwa. Baadhi wameacha, na baadhi bado wanachanganya herufi. Lakini linaishi, kwa sababu limekubali kufuata maisha ya watu badala ya kuwadai watu wafuate ratiba yetu.

Kuna askofu mmoja tunayemsoma seminarini ambaye angetuelewa. Shemasi wa Karthago aliyeitwa Deogratias, jina ambalo Kigoma limejaa kila kijiji, alimwandikia Mtakatifu Augustino akilalamika kwamba anachoka na anajiona anawachosha wanaofundishwa. Augustino alimjibu kwa kitabu kizima juu ya kuwafundisha wanaoanza. Katika mambo makubwa mengi ya kitabu hicho lipo pia hili dogo: msikilizaji akichoka kusimama, mpe mahali pa kukaa. Tulipolisoma tena baada ya likizo tulicheka, kisha tukanyamaza. Wazee wetu wa Bangwe walikuwa wameketi juu ya mizizi na ndoo kwa wiki tatu kabla hatujafikiri kuomba mabenchi ya kanisani.

Ndugu mseminari mwenzetu, likizo ijayo kabla ya kusema "leo Injili atatusomea fulani," mjue kwanza huyo fulani. Usimwaibishe, lakini pia usimsomee maisha yake yote. Kila mara tunapomjazia mtu fomu, tukamsomea ujumbe na kumwandikia jina, tunamsaidia kwa siku moja. Tukikaa naye miezi mitatu, tunamsaidia kwa miaka iliyobaki. Na wewe muumini uliyesoma, walei wetu ni wengi kuliko mafrateri: walimu wastaafu, makarani, vijana waliomaliza shule na wanasubiri ajira. Jumuiya yako haikosi mtu aliyesahau miwani nyumbani. Nawe uliyeisahau, usione haya. Nikodemo alikwenda kwa Bwana usiku, akiwa mwalimu na mtu mzima, akauliza swali la mwanafunzi. Hakufukuzwa.

Tuliondoka Bangwe mwanzoni mwa Septemba, usiku wa giza, na mji wa taa ulikuwa umewaka tena juu ya maji. Baba alikuwa ziwani. Alikuwa ametuachia mfuko wa dagaa wakavu wa kupeleka seminarini, umefungwa kwa kamba ya wavu. Tulipoufungua bwenini tulikuta ndani kipande cha karatasi ya daftari. Herufi zilikuwa kubwa, zimekandamizwa mpaka karatasi imetoboka mahali pawili, na maneno mengine yameungana. Hatukusahihisha kitu. Iliandikwa: NIMESOMA BARUA YAKOYOTE. POLE MWANANGU. NIGEKUJA.

Mungu awabariki wote wanaojifunza, na wote wanaokubali kufundishwa na wanaowafundisha.